Kula Mlango Ukiwa Wazi



Mwaka huu Jumatano ya Majivu imeangukia tarehe 18 Februari, na ubao wa matangazo hapa seminarini umejaa kama kawaida: ratiba ya Njia ya Msalaba, siku za mafungo, saa za mapadre kukaa kwenye kiti cha kitubio. Mafrateri wa mwaka wa kwanza wananiuliza, kama nami nilivyowauliza walionitangulia, "Kaka, wewe mwaka huu umeamua kuacha nini?" Nimekuwa nikilikwepa swali hilo. Mhariri wetu aliponiomba niandike juu ya kukua katika imani wakati wa Kwaresima, nilimwambia sina mafundisho ya kutoa. Nina Kwaresima moja tu ya kusimulia, ya mwaka jana, na ndani yake sionekani vizuri. Akasema, basi andika hiyo hiyo.

Mwaka jana nilikuwa katika mwaka wa kichungaji, kwenye parokia moja ya vijijini katika Jimbo Kuu la Dodoma. Mimi ni mtu wa Mbinga. Nimekulia kwenye milima, migomba na kahawa, mahali ambapo fimbo ukiisahau imechomekwa ardhini unaikuta imetoa majani. Ugogoni nilikuta nchi nyingine kabisa: tambarare, mibuyu, vichaka vya miiba, na mvua ambazo wazee wanazihesabu moja moja. Watu hupanda mtama na uwele mwishoni mwa mwaka, huvuna kuanzia Mei. Kwa hiyo Februari na Machi ndiyo miezi ambayo ghala limebaki na vumbi na shamba bado halijatoa kitu. Na Kwaresima huangukia humo humo. Vitabu vyetu vya liturujia vinasema kipindi hiki kinakuja na rangi ya zambarau, kwamba Aleluya hunyamaza, kwamba altare haipambwi maua. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kinakuja wakati debe la mtama limepanda bei na watoto wanakwenda shule bila kunywa uji.

Nakiri kwamba hilo sikuliwaza hata kidogo. Nilikuwa na mpango wangu. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi, nikaibandika ukutani juu ya kitanda: sitakula nyama Kwaresima nzima, siyo Ijumaa tu; chai bila sukari; Jumatano na Ijumaa mlo mmoja, tena jioni; Njia ya Msalaba kila siku; simu inazimwa baada ya Masifu ya Jioni. Kila siku niliweka alama ya vema pembeni kwa kalamu nyekundu. Kalamu hiyo niliinunua kwa ajili ya kazi hiyo tu.

Niliinunua dukani kwa jirani yetu Mwislamu. Mwaka ule Ramadhani ilikuwa imeanza siku chache tu kabla ya majivu, basi alinikuta na alama ya msalaba usoni na mimi nikamkuta na midomo mikavu. Akaniuliza, "Frateri, ninyi mnafungua saa ngapi?" Nikaanza kumweleza kwamba sisi hatufungi kwa namna hiyo, kwamba siku ya kufunga tunaruhusiwa mlo mmoja kamili na vingine viwili vidogo, na kwamba kufunga kwa lazima ni siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe mna nafuu." Nilirudi nyumbani nikaongeza kitu kimoja kwenye orodha yangu: nitalala bila mto. Naandika haya ili muone nilikuwa mtu wa namna gani.

Jumamosi iliyofuata nilipewa zamu ya kufundisha kwenye jumuiya ndogo ndogo ya kigango cha mbali kidogo, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli. Tulikaa uani kwa mwanajumuiya mmoja, akina mama kwenye mkeka, wazee kwenye vigoda, mimi kwenye kiti pekee chenye mgongo. Tulimwombea Baba Mtakatifu Fransisko, aliyekuwa amelazwa hospitalini Roma tangu katikati ya Februari. Nikagusia ujumbe wake wa Kwaresima wa mwaka ule, uliotualika kutembea pamoja katika matumaini. Kisha nikaingia kwenye mada yangu, kufunga. Nilikuwa nimejiandaa. Nikawaeleza sheria ya Kanisa, kanuni ya 1252: kuacha nyama kunamhusu kila aliyetimiza miaka 14, na kufunga kunawahusu waliotimiza miaka 18 mpaka wanapoanza mwaka wa 60. Nikaeleza tofauti ya kufunga na kujinyima. Nikaeleza bahasha za sadaka ya kujinyima na namna ya kuzijaza: kile ambacho ungekula, thamani yake uiweke humo.

Nilipouliza kama kuna swali, bibi mmoja aliyekaa mwisho wa mkeka akainua mkono. Alikuwa mjane, mwembamba, na kanga yake ilikuwa imefifia hata maandishi hayasomeki.

"Frateri mwanangu," akasema, "mimi nyama niliila Krismasi. Chakula nakula mara moja, usiku, nikipata. Sasa mimi nifunge nini?"

Watu hawakucheka. Nadhani wengi wao walikuwa na swali hilo hilo. Mimi nikafanya kile ambacho mwanafunzi mzuri hufanya: nikajibu kwa usahihi. Nikamwambia kwamba kwa umri wake sheria haimbani tena, na kwamba hata angekuwa kijana, Kanisa ni mama, halimlazimishi mtu dhaifu au asiye na chakula. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hana deni lolote.

Akanitazama kidogo. "Kwa hiyo Kwaresima siyo yangu?"

Sikuwa na jibu. Nilifungua daftari langu kana kwamba jibu limo humo. Hapo Mwalimu, yaani katekista wa kigango, mzee ambaye alifundisha watoto ukatekumeni kabla mimi sijazaliwa, akakohoa, akamwuliza yule bibi kwa sauti ya kawaida kabisa: "Bibi, hicho kidogo unachokula usiku, unakula wapi?"

"Ndani."

"Mlango uko wapi?"

Bibi akachelewa kujibu. "Nimeufunga."

Wote uani walielewa isipokuwa mimi. Baadaye njiani Mwalimu alinieleza. Katika miezi hii watu hula wamejifungia. Kwa kawaida mtu akila nje, kila anayepita ataambiwa "karibu," na anayepita naye, hata kama ameshiba, atamega tonge moja kwa heshima. Lakini Machi anayepita hajashiba, na ukimwambia karibu atakaa kweli. Basi watu husubiri giza, huingia ndani, huweka komeo. Haisemwi, lakini kila mtu anajua kwa nini jirani yake anakula usiku.

Bibi hakuendelea kuuliza. Alijifunga kanga vizuri, akasema, "Haya. Nitakula nje." Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaanzisha sala ya kufunga, nasi tukasimama.

Nilipokuwa ninapanda baiskeli nilikuwa na kinyongo kidogo, niseme ukweli. Nilikuwa nimekuja na kanuni, nikaondoka nimefundishwa na mtu wa darasa la saba. Lakini kinyongo hakikunizuia kufikiri. Ijumaa ile baada ya Majivu, siku moja tu kabla, tulikuwa tumesoma kwenye Misa somo la nabii Isaya sura ya 58, ambapo Mungu anawaambia watu kwamba kufunga anakokutaka yeye ni kumpa mwenye njaa sehemu ya chakula chako na kumwingiza maskini nyumbani kwako. Mimi mwenyewe ndiye niliyelisoma somo hilo mimbarini, kwa sauti nzuri, na baada ya Misa paroko akanisifu kwa matamshi.

Ijumaa ya pili ya Kwaresima, kama saa tisa mchana, nilipita kwa yule bibi nikitoka kumpelekea mgonjwa Ekaristi. Alikuwa amekaa mlangoni kwake, mbele yake bakuli la ugali wa uwele na mlenda. Watoto wawili wa jirani walikuwa wamekaa naye, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ananawa.

"Karibu, Frateri!"

Nilikuwa sijala tangu jana usiku. Lilikuwa jua la Dodoma, mnalijua wenyewe. Nami nikasema, Mungu anisamehe, "Asante sana Bibi, mimi leo nimefunga."

Hakusema kitu. Watoto walinitazama. Yule mama akaacha kunawa, akaushika mkono wake uliolowa kana kwamba hajui auweke wapi, kwa sababu kama Frateri amefunga basi labda naye hapaswi kula. Niliona jambo hilo kwa macho yangu na bado nikapanda baiskeli. Jioni niliweka alama nyekundu ya vema kwenye karatasi yangu, mahali pa Ijumaa.

Siku ile sikulala vizuri, na siyo kwa sababu ya mto. Mtakatifu Petro Krisologo, askofu wa Ravenna katika karne ya tano, ana hotuba moja ambayo Kanisa limeiweka katika Kipindi cha Masomo wakati wa Kwaresima. Anasema kwamba sala, kufunga na huruma ni kitu kimoja, ukivitenganisha vyote vinakufa, na kwamba anayefunga bila kumhurumia mwenzake ni kama amelima shamba asilimwagilie maji. Nilikuwa nimeandika insha juu ya hotuba hiyo mwaka wa pili wa falsafa na nilipata alama nzuri.

Ijumaa iliyofuata nilipita makusudi. Nilikaa chini. Nilikula ugali wa uwele na mlenda saa tisa mchana, siku ya mlo mmoja wa jioni, na kwenye karatasi sehemu ile nikaiacha wazi. Kwa siri nilikuwa nimebeba kilo mbili za unga na pakiti ya chumvi kwenye mfuko wa baiskeli, nikazikabidhi kwa Bibi bila maneno. Naye akazipokea bila maneno, akamega nusu ya chumvi kwenye karatasi kumpa yule mama mwenye mtoto.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa makala nzuri ya Kwaresima. Lakini hii siyo sehemu iliyonigharimu.

Nina kaka. Tumezaliwa wawili tu wa kiume, yeye amenitangulia kwa miaka sita. Baba yetu alipofariki nikiwa mwaka wa pili wa falsafa, aliacha shamba la kahawa, na akaacha neno mbele ya wazee kwamba kipande cha chini, karibu na kijito, ni cha Mama mpaka atakapofariki. Kabla ya arobaini ya Baba kaka yangu alikuwa ameshakiuza kipande kile. Alikuwa na madeni ambayo hatukuyajua. Siku ya arobaini, watu wamejaa uani, Misa ya marehemu imekwisha, nilimwambia maneno mbele ya wajomba zetu ambayo siwezi kuyaandika katika gazeti la seminari. Neno la mwisho lilikuwa kwamba asiniite mdogo wake tena. Nikapanda basi kesho yake. Tangu siku ile, miaka miwili na nusu, hatukuwa tumesemezana. Mama nilikuwa nikimpigia kila Dominika, na nilipotaka kujua habari za kaka nilikuwa nikiuliza, "Na huyo mwanao?"

Tazameni basi: mtu mwenye habari hiyo ndiye aliyekuwa anazunguka vigango akifundisha upatanisho.

Dominika ya nne ya Kwaresima, tarehe 30 Machi, ilikuwa mwaka C, na Injili ilikuwa ya Luka, mfano wa baba mwenye wana wawili. Paroko alikuwa kigango kingine, mimi niliongoza ibada ya Neno na nikatoa tafakari. Nilihubiri juu ya mwana mpotevu, kwa kuwa ndivyo tunavyouita mfano huo. Nilimwelezea mpaka maganda waliyokula nguruwe. Baada ya ibada Mwalimu alinisindikiza mpaka barabarani. Akasema amefurahi, ila amegundua sikufika mwisho. Nikauliza mwisho upi. Akasema, kwenye yule kaka aliyekataa kuingia ndani. "Yule anaposema na baba yake," Mwalimu akaniambia, "hasemi ndugu yangu. Anasema huyu mwanao. Sisi hapa kijijini tunaijua sana lugha hiyo."

Mwalimu hakujua lolote juu ya kaka yangu. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote parokiani. Alikuwa anazungumzia kijiji chake. Lakini nilisukuma baiskeli kwa miguu karibu nusu ya njia, sikuweza kuipanda.

Juma lile mapadre wa parokia jirani walikuja kusaidia kuungamisha. Kigangoni padre alikaa kwenye kiti chini ya mti nyuma ya kanisa, waamini wakapanga mstari mrefu, nami nikasimama mstarini kama wengine. Niliungama. Nilianza na mengine, kama tunavyofanya wote, nikaliweka hili katikati ili lipite haraka: nina chuki na ndugu yangu wa damu. Padre akanisimamisha. Hakuuliza nani ana makosa, wala habari ya shamba. Aliuliza kitu kimoja: "Umempigia?" Nikasema hapana. Akanipa malipizi ambayo sikuyategemea. Nilitegemea fumbo moja la Rozari au zaburi ya toba. Akasema, "Mpigie kabla ya Dominika ya Matawi. Siyo lazima mpatane. Mpigie tu." Akaniondolea dhambi, nikainuka.

Siri ya kitubio inambana padre, mimi hainibani, ndiyo maana naweza kuwaambia. Na ninawaambia kwa sababu ya kile kilichofuata, ambacho ni hiki: sikumpigia. Nilikuwa na Kwaresima ya siku arobaini iliyojaa alama nyekundu. Sikuwa nimegusa nyama, sukari niliisahau hata ladha yake, nilikuwa nimepiga magoti kwenye vituo kumi na vinne mara thelathini na kitu. Jambo moja ambalo Kanisa liliniomba kwa mdomo wa padre wake, la dakika tatu, sikuliweza. Nilijiambia mtandao ni mbaya, na kweli ulikuwa mbaya; ili kupata minara ulipaswa kupanda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba ya mapadre. Nilijiambia kwamba yeye ndiye mkosaji na ndiye anayepaswa kuanza. Nilijiambia nitampigia Pasaka, itakuwa na maana zaidi. Dominika ya Matawi, tarehe 13 Aprili, niliandamana na matawi mkononi nikiimba, na malipizi yangu mfukoni hayajatimizwa.

Nadhani hapa ndipo tunapokosea wengi, na simsemi mtu mwingine kabla sijajisema mimi. Tunajichagulia msalaba. Mtaani wanaume huacha bia siku arobaini, halafu Jumatatu ya Pasaka hulipa zote pamoja na riba. Vijana wanatumiana kwenye simu orodha za vitu vya kuacha. Sisi mafrateri tunashindana kimya kimya nani amekonda. Sisemi mambo hayo ni mabaya. Kanisa linatuomba tufunge na lina sababu. Lakini niligundua kwamba nilikuwa nimechagua kwa ustadi mkubwa kila kitu ambacho ningeweza kukitoa bila kuguswa pale penyewe. Nyama haikuwa na ugomvi nami.

Jumatano ya Juma Kuu jioni nilipita tena kwa Bibi. Alikuwa nje, kama kawaida yake ya siku zile. Siku hiyo hapakuwa na ugali, palikuwa na maboga ya kuchemsha, ya kwanza ya mwaka. Nilikaa. Nikamwuliza jambo ambalo nilikuwa nataka kumwuliza kwa majuma kadhaa: je, tangu ameanza kula nje, chakula hakijapungua? Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Kimepungua," akasema. "Kilikuwa kidogo, sasa ni kidogo zaidi." Akasukuma bakuli upande wangu. "Na siku za kwanza nilikuwa na hasira. Watoto wa yule wanakula haraka."

Hakuongeza kitu. Nilikuwa nimetegemea aniambie kwamba Mungu amekiongeza.

Usiku ule nilipanda kichuguu. Nilikuwa na kifurushi cha dakika kumi na tano. Mara ya kwanza simu iliita mpaka ikakata. Mara ya pili niliambiwa namba haipatikani, na moyo wangu ukafurahi, nikasema nimejaribu. Nilikuwa nimeshashuka nusu ya kichuguu simu ilipoita mkononi.

"Nani mwenzangu?" Alikuwa amefuta namba yangu, au amebadilisha simu. Sauti ilikuwa ya Baba kabisa.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Yote yakapotea. Nikasema, "Kaka, Tumsifu Yesu Kristo."

Kimya kilikuwa kirefu hata nikatazama skrini kuona kama dakika zinahesabika. Kisha akasema, "Milele amina."

Tukakaa. Nikamsikia mtoto analia kwa mbali, mtoto ambaye sikujua kwamba amezaliwa. Akauliza kama huku mvua imenyesha. Nikasema kidogo. Akasema huko imezidi, barabara ya kushuka kijitoni imekatika. Alipotaja kijito tukanyamaza tena wote wawili. Nikamwambia ninaomba msamaha kwa maneno ya siku ya arobaini. Sikumwambia nimemsamehe shamba, kwa sababu sikuwa nimemsamehe na nilikuwa nimechoka kusema yasiyo kweli Kwaresima ile. Yeye hakuomba msamaha. Alisema, "Haya, nimesikia." Kisha akasema usiku mwema, na kabla sijakata akaongeza, "Umekula?" Ilikuwa dakika nne na sekunde kadhaa.

Alhamisi Kuu nilimtafuta padre, nikamweleza kwamba malipizi nimeyatimiza kwa kuchelewa. Akacheka kidogo, akaniambia niende nikaandae mabeseni ya kuoshea miguu. Mwalimu alikuwa ametuandikia majina ya watu kumi na wawili, na Bibi alikuwa wa tatu. Paroko alipopiga magoti mbele yake mimi ndiye niliyeshika jagi. Miguu yake ilikuwa na nyufa zenye udongo mwekundu ndani yake ambao maji hayakuutoa.

Pasaka ilikuwa tarehe 20 Aprili. Kesho yake, Jumatatu ya Pasaka, tukapata habari kwamba Baba Mtakatifu Fransisko amefariki, na furaha ikachanganyika na machozi. Kigangoni akina mama waliimba Aleluya na kumlilia kwa pamoja. Yule jirani wa duka, ambaye Idi yake ilikuwa imepita majuma matatu kabla, alifunga duka kwa saa moja akaja kutupa pole.

Mwaka wa kichungaji ulipokwisha nilirudi nyumbani likizo. Nisingependa mfikirie mambo yalinyooka. Tulikaa na kaka na wajomba, tukaongea habari za kipande cha kijitoni, tukagombana tena, ingawa mara hii hakuna aliyeondoka. Shamba halijarudi, na aliyelinunua ameshapanda migomba. Mama anasema anatosheka, na mimi simwamini. Lakini nimemwona mtoto wa kaka, ana miaka miwili sasa, ananiita Baba Mdogo.

Sasa ni Kwaresima nyingine na ukuta wangu hauna karatasi. Nyama nimeiacha, sukari nimeiacha, kwa kuwa ni vizuri kuiacha. Ijumaa baada ya Njia ya Msalaba ninampigia kaka. Mara nyingine hapokei. Ijumaa iliyopita alipiga yeye mwenyewe, wa kwanza, nikaacha kila kitu nikatoka nje ya bweni mbio. Alikuwa anaomba elfu ishirini za mbolea ya kahawa. Nilikuwa na elfu kumi na mbili, za sabuni na daftari mpaka mwisho wa mwezi. Nilisimama pale kwenye baridi nikizihesabu kichwani, na ile hasira ya zamani ikapanda mpaka hapa shingoni. Nilimtumia kumi.